Dakika Ishirini na Sita Darajani Pamban

Jumatatu, 3 Februari 2025

Upepo wa kaskazini-mashariki, mwepesi. Bahari tulivu. (Miaka saba tangu nistaafu na bado naanza na upepo! Mkono umezoea daftari la daraja, hauandiki kitu kingine kwanza.)

Leo amekuja Devasahayam, msimamizi wa darajani. Kaacha viatu mlangoni, kahawa kaikubali, ya pili kaikubali pia — nikajua ana shida. Daraja jipya limekwisha. Litafunguliwa Aprili, na wakubwa watatoka Delhi. Siku hiyo kipande cha katikati kitapandishwa juu kwa mota, meli ya walinzi wa pwani ipite chini yake, watu wapige makofi. Vizuri. Lakini daraja la zamani bado limesimama ubavuni, halijakatwa. Meli ikishapita chini ya lile jipya, lazima ipite na hapa. Na mabawa mawili ya daraja la zamani, yanayoinuka kupisha meli, hayana mota. Yana watu, kumi na wawili kila upande, na mitaimbo yao.

Vijana alio nao wameyainua mara chache tu tangu treni zisimamishwe mwisho wa 2022. Hawana mwitaji wa kuwapa mpigo. Kila mtu anasukuma kwa wakati wake, bawa linapanda kilevi-levi. Anataka wanyapara wa zamani, mmoja kila upande. Upande wa kisiwani, mimi. Nikamwuliza, na upande wa bara? Akatazama ndani ya kikombe. Akasema Karmegam.

Panchavarnam alikuwa jikoni anasaga nazi. Mashine ikazimwa. Mke wangu huyu ana masikio! Mgeni alipoondoka akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni, akauliza siku hiyo mimi na shemeji yangu tutaongea kwa kitu gani, kwa bendera?

Ana haki ya kuuliza. Karmegam alimwoa dada yangu Poongodi. Tulifanya kazi tukitazamana, yeye kule mimi huku, pengo la maji katikati. Dada alipokufa tukaendelea kutazamana miaka thelathini na mmoja bila neno. Kijani. Nyekundu. Basi.

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimekubali. Goti la kushoto halijakubali, lakini goti halikuulizwa.

Jumapili, 9 Februari 2025

Nimekwenda kulitazama hilo jipya. Devasahayam alinipitisha getini. Linang'aa. Minara miwili, na kati yake kipande cha reli chenye urefu wa uwanja wa shule kinapanda wima. Mtu mmoja, chumba kimoja, kiti chenye magurudumu, vitufe. Nikamwuliza fundi, mhandisi kijana wa kutoka Hyderabad, linachukua muda gani. Dakika tano na ushee. Akaniuliza sisi tulikuwa tunachukua muda gani. Nikamwambia ilitegemea nani alikuwa na hasira. Akacheka, akidhani ni mzaha wa kizee.

La kwetu liko pale pembeni, jekundu kwa kutu, limeinama kidogo. Nililipiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. Chembe za kutu zikabaki mkononi.

Vijana hawatajua mchezo wetu. Nauandika hapa, maana hauko kwenye daftari lolote. Meli ikishapita tunashusha mabawa. Upande uliochelewa kutua ndio unaochemsha chai ya pande zote mbili, na juu ya chai kuna matusi. Lakini upande wetu ukishindwa, tulikuwa na kisasi kimoja. Komeo. Mabawa yakikutana, komeo la upande wa bara linaingia kwenye tundu lililoko upande wetu, chini ya reli. Sisi ndio wenye kushuka ngazi kulikagua. Mpaka mnyapara wa kisiwani apande na kuinua kijani, treni haivuki. Kwa hiyo siku tuliyoshindwa nilishuka polepole. Nakaa huko chini, navuta bidi moja, kile kisigara chetu cha jani. Wenzetu wanaungua jua kule juu ya chuma, wanatutukania mababu, genge langu linacheka. Dakika tano. Siku mbaya saba. Treni nayo inangoja, dereva anaona ni kazi.

Kila mtu alijua. Hakuna aliyeona vibaya.

Jumatano, 26 Februari 2025

Upepo wa mashariki. Sikukuu ya Shiva. Watu wamejaa hekaluni Rameswaram tangu juzi.

Mwaka huu tarehe ya msiba wetu na sikukuu zimeangukia siku moja. Ndivyo ilivyokuwa na mwaka 1987. Tarehe ishirini na sita, Alhamisi.

Karmegam huja kila mwaka ufukweni kumtolea marehemu mkewe mafungu ya wali. Huja kabla ya saa mbili. Mimi huenda saa nne. Leo nimekuta nyayo zake na kunguru wanamalizia. Nimesimama hapo mpaka maji yakafika kwenye nyayo, nikarudi nyumbani.

Hili sijawahi kuliandika. Wala kulisema, hata kwa mke wangu. Leo naliandika halafu nione.

Mwaka ule barabara ya magari juu ya bahari ilikuwa haijafunguliwa. Ukizidiwa kisiwani, ni treni. Poongodi alikuwa amerudi kwa mama kujifungua, mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Mimi wiki ile nilikuwa nalala kambini darajani. Asubuhi ikapita meli ya chumvi. Tukaanza kushusha. Wenzetu wa bara siku hiyo sijui walikuwa wameingiwa na nini! Waliimba. Walisukuma kama watu kumi na wawili wenye mashetani. Bawa lao likatua la kwetu halijafika hata nusu. Wakatucheka. Karmegam alipanda juu ya kizimba cha gia akacheza, akaninyooshea kidole mimi, akacheka mpaka akashika tumbo. Genge langu lote likageuka kunitazama.

Nikasema moyoni, leo mtangoja.

Nikashuka ngazi. Komeo lilikuwa limeingia. Lote. Safi. Nikakaa juu ya chuma nikawasha bidi. Nikawasha ya pili. Treni ilikuwa imefika nyuma yetu kutoka Rameswaram, imejaa watu na mizigo. Ikapiga honi. Nikawasha ya tatu. Nilikuwa nasikia vijana wangu juu wanacheka, na kicheko chao kilinipendeza. Dakika ishirini na sita. Nilipopanda nikasema komeo lilikuwa limegoma, limebaki vidole viwili nje, nimeligonga mpaka likaingia. Nikaandika hivyohivyo kwenye daftari. Nikainua kijani.

Treni ikapita mbele yangu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dirishani nikamwona mama yangu. Amepakata kichwa cha Poongodi mapajani. Mama aliniona. Midomo yake ilikuwa inacheza tu, anaomba. Ikafika upande wa bara. Nikamwona Karmegam akikimbia sambamba nayo, akaruka ndani.

Damu haikukatika tangu alipojifungua alfajiri. Alikufa wakiwa wamebakiza stesheni moja kufika Ramanathapuram, kwenye hospitali. Mkunga aliyefuatana nao alimwambia mama: nusu saa. Tungepata nusu saa tu.

Alhamisi, 27 Februari 2025

Nimesoma ya jana. Nilitaka kuchana ukurasa. Sikuchana. Nimeficha daftari chini ya mchele wa akiba, halafu nikakumbuka nani anapima mchele humu ndani. Nimelihamishia kwenye sanduku la zana.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Upepo wa kusini, umetulia mpaka saa tano. Mazoezi ya kwanza.

Nilifika mapema. Nikawapanga vijana kwenye mitaimbo, sita na sita. Wanavaa glovu! Nikawaambia mkono uguse chuma, wakanitazama kwa huruma. Halafu nikainua macho. Yuko kule.

Amekonda. Mabega yameshuka, nywele zimekuwa pamba. Amevaa shuka nyeupe na shati la kazi la zamani, kama mimi. Naye aliniona. Hakuna aliyetikisa kichwa. Nikainua bendera ya kijani, akainua ya kwake, tukaanza.

Sauti yake bado ipo! Alipoita mara ya kwanza nywele zilinisimama. Ule wito wake wa kuvuta mwishoni. Nikamjibu, vijana wangu wakajikuta wanakwenda pamoja bila kujua, na bawa likapanda taratibu, likilia kwenye meno ya gia. Dakika thelathini na nane. Wakati wa kushuka tukafika pamoja, hakuna aliyeshindwa. Hakuna aliyekumbuka chai.

Msimamizi alimtuma kijana kushuka kukagua komeo. Sikwenda mimi. Nilisema goti.

Panchavarnam aliuliza Karmegam anaendeleaje. Nikasema amekonda. Akauliza umesema naye nini. Nikasema kijani. Akanipa mgongo.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Kayal, binti wa marehemu Poongodi, amepiga simu kutoka Madurai, mapumziko ya saa nne, watoto wa shule wanapiga kelele nyuma yake. Amekata tiketi. Sherehe ni Jumapili tarehe sita, yeye anakuja Jumanne tarehe nane. Baba yake atapanda treni hiyohiyo Mandapam, upande wa bara, wavuke pamoja daraja jipya, washuke hapa Pamban, tule mchana kwetu. Wote. Amekwisha kumwomba baba yake na amekubali. Haniombi mimi, ananiarifu.

“Mjomba, mimi nimechoka,” akasema. “Tangu nina miaka sita nimekuwa posta yenu. Mwambie baba hivi, mwambie mjomba vile. Nina miaka thelathini na minane sasa. Mtakaa chini mle.”

Nikasema sawa mama.

Akasema baba yake amekosea kunichukia miaka yote hii, na atamwambia usoni. Mjomba alifuata sheria. Komeo halikuingia, mjomba afanyeje, aiachie treni itumbukie baharini? Akasema hivyo kwa ile sauti yake ya kufundishia. Alipokuwa na miaka kumi aliandika insha shuleni: mjomba wangu aliyeokoa treni nzima ingawa dada yake alikuwa ndani. Mwalimu akampa alama zote. Alirudi mbio kunisomea, amesimama hapa mlangoni na sare yake. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikampeleka dukani nikamnunulia peremende.

Huyu mtoto ndiye kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata. Mke wangu alimnyonyesha pamoja na mwanetu Senthil, mmoja kila upande. Senthil yuko Kuwait, anapiga simu siku za sikukuu. Kayal anapiga kila Ijumaa.

Akijua, atapiga tena?

Jumatatu, 31 Machi 2025

Mazoezi ya tatu. Dakika thelathini na tatu. Vijana wameiva. Wamevua glovu.

Wanasema baada ya sherehe la zamani litakatwa vipandevipande na kuuzwa chuma chakavu. Nilidhani nitaumia. Nimepata nafuu, kusema kweli, na nafuu hiyo imenitia aibu. Wakishalikata, tundu la komeo linakwenda tanurini na hakuna atakayeuliza tena.

Jumapili, 6 Aprili 2025

Mashariki, wastani. Mawimbi madogo. Naandika saa kumi alasiri, herufi zinapanda na kushuka.

Watu walikuwa wengi kama siku za hija. Bendera, maua, vipaza sauti. Sisi tulikuwa kwenye mitaimbo yetu toka saa nne, hakuna aliyetuangalia, kamera zote zimeelekea kule. Saa saba hivi tukapewa ishara. Karmegam akaita. Nikajibu. Mabawa yakapanda vizuri, vizuri mno, kama hayajui kwamba ni mwisho. Kule pembeni kipande kipya kilipanda kimyakimya. Meli ikapita chini ya daraja jipya, halafu ikapita kati yetu, nyeupe, mabaharia wamejipanga pembeni wanasaluti. Wanasaluti lile jipya, najua. Vijana wangu walisaluti pia.

Tukashusha. Yakatua. Devasahayam akaniambia, mzee, leo kagua wewe, kwa heshima. Vijana wakapiga makofi. Ningekataaje?

Nikashuka ngazi. Goti nalo likashuka. Kule chini ni palepale. Harufu ileile ya grisi na chumvi. Nikaangalia tundu. Limeingia. Sikukaa hata sekunde, nilipanda mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Nilipotokeza juu, Karmegam alikuwa amesimama pale mabawa yanapokutana. Alikuwa amevuka mpaka katikati. Vijana wa pande zote walikuwa wamekwisha kukimbilia kwenye maji ya kunywa. Tulikuwa wawili.

“Limeingia,” nikasema. Neno langu la kwanza kwake tangu Poongodi afe. Hilo!

“Najua,” akasema. “Hata siku ile lilikuwa limeingia.”

Nilishika mkono wa ngazi. Nikataka kusema vidole viwili nje. Nilishafungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, nimeyasema mara ngapi.

Akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, akanionyesha. Akasema, “Likiingia, mtaimbo unalegea mkononi. Ulilegea palepale, shemeji. Nilijua kabla hujakanyaga ngazi.”

Ni kweli. Ni kweli tupu! Mimi mwenyewe hujua kwa mikono, kushuka ni kutimiza sheria tu. Miaka thelathini na minane nimejificha nyuma ya tundu ambalo yeye hawezi kuliona. Haikunijia hata siku moja kwamba naye ana mikono.

Nikamwuliza mbona hakusema. Ofisini. Kwa mama. Kwa polisi. Kwa mtu yeyote.

“Ningesema, mtoto angelala kwa nani? Mama yako mzee. Mimi mwanamume peke yangu. Mkeo ndiye alikuwa na maziwa.” Akafuta uso kwa kitambaa cha begani. “Kisha akakupenda. Ningesema vipi wakati amekwisha kukupenda?”

Akaniuliza swali moja tu. Kwa nini. Siyo kwa hasira. Anataka kujua, kama mtu anayeuliza njia.

Nikamwambia walitucheka. Ndivyo nilivyosema, nami ni mzee wa miaka sitini na saba: mlitucheka, wewe ulipanda kwenye kizimba ukacheza, ukaninyooshea kidole.

Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Halafu akasema asubuhi ile gadi wa treni ya kwanza alimpigia kelele dirishani akipita: ni msichana, mama mzima, maana saa ile damu ilikuwa bado haijawatia hofu. Mama yangu alimtuma gadi amwambie baba mtoto kwanza, kabla ya mtu mwingine. Kwa hiyo gadi alipita mbele yangu akanyamaza. Karmegam akawaambia genge lake. Ndiyo maana waliimba. Ndiyo maana walishusha vile. Alitaka mabawa yakutane upesi aje katikati aniambie mwenyewe.

“Nilikuwa nakunyooshea kidole nikikwambia wewe ni mjomba,” akasema. “Nilipiga kelele. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, hukusikia. Nikafika hapa, wewe umekwisha kushuka; nikarudi kwangu kungoja, nikidhani ni mchezo wetu tu.”

Nilikaa chini kwenye reli. Alinitazama, kisha akakaa naye, reli ya pili, tumepeana ubavu. Nikalia. Yeye hakulia. Alisema alilia yake yote kwenye lile behewa.

Nikamwomba msamaha. Nilisema mara moja tu. Hakusema amenisamehe. Hakusema hakunisamehe.

Akasema Jumanne Kayal anakuja, na amemwambia atakuja kumkaripia baba yake mbele yangu kwa kunionea. “Mimi sitakaa nikasikiliza hilo. Nimenyamaza mpaka amekuwa mtu mzima. Inatosha. Mwambie wewe. Usipomwambia, mimi sitamwambia. Lakini sitakula.”

Akainuka kwa kushika bega langu. Uzito wake wote ulikuwa kwenye bega hili. Akarudi upande wake.

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Sikuangalia upepo.

Nimemwambia Panchavarnam. Alikuwa anachambua dengu. Nilianza kwenye mabawa, akasema fupisha. Nikafupisha. Komeo liliingia. Nilikaa chini kwa makusudi. Ishirini na sita.

Aliendelea kuchambua mpaka dengu zikaisha. Akaondoka akaenda kwa jirani. Nikasikia mlango wa jirani. Amerudi baada ya saa mbili, macho yamevimba. Akasema kitu kimoja. Poongodi alipokuja kujifungua alimletea yeye bangili za kijani, akamwambia, wifi, nikichelewa kurudi kwangu uzivae zote.

Sijui kwa nini amenieleza hilo. Labda hakunieleza mimi.

Jioni akauliza, bila kunitazama, kesho anunue samaki wangapi. Nikasema wanne, tutakuwa wanne. Akasema anajua kuhesabu, anauliza kama Kayal atakula.

Jumanne, 8 Aprili 2025

Treni imefika saa sita na dakika kumi. Niliisikia ikivuka, ngurumo moja fupi, imekwisha. Ya zamani ungeweza kunywa chai nzima ikiwa bado juu ya maji.

Kayal alishuka wa kwanza akaruka kama mtoto. Sari ya manjano, yasmini kwenye nywele. Akanigusa miguu kwa heshima, akanikumbatia, akasema mjomba dakika tatu tu! hata sikuwahi kutoa sarafu ya kutupa baharini. Baba yake alishuka nyuma yake na mfuko wa ndizi. Tukatazamana. Akauliza kwa macho tu. Nikatikisa kichwa: bado.

Njiani Kayal alishika mkono wangu upande huu na wa baba yake upande ule, akaongea njia nzima. Wanafunzi wake wanataka kujua mitaimbo ilikuwa mizito kiasi gani. Nikasema mizito.

Sasa tuko nyumbani. Nimesema naenda kunawa, nimekuja huku uani kwenye sanduku la zana. Naandika nimesimama. Kutoka hapa naona sebule. Majani ya mgomba manne yametandikwa chini, Panchavarnam ameweka chumvi, ameweka achari, anaweka wali. Kayal amekwisha kukaa, anamvuta baba yake shuka, baba kaa, mbona umesimama kama mgeni. Karmegam hakai. Anatazama mlango wa uani.

Anamwambia sasa, nasikia: baba, leo utamwomba mjomba radhi, nimekuja kwa hilo. Panchavarnam ameacha kuweka wali.

Nimefikiria nianze na bidi. Au nianze na kidole cha baba yake, kwamba alikuwa anafurahi, kwamba kitu cha kwanza baba yake alichofanya alipojua amezaliwa ni kucheza. Nianze na hicho. Hicho ni chake, apate kwanza. Halafu ngazi.

Halafu dada yangu.

Mikono sijanawa. Kayal anaita huko ndani, anacheka, anauliza mjomba anachelewa nini.